Kumaliza Dozi

Kwetu Morogoro, yaya ni msichana wa kazi, yule anayeachiwa mtoto mama akienda sokoni. Kwao Bukavu, yaya ni dada mkubwa. Kwa hiyo siku mwenzangu wa nyumba aliponiambia nimwite yaya, nilimtazama vizuri, mwanamke aliyekwisha kuvuka hamsini, mabega mapana, amejifunga kitenge kifuani, nikamwambia hapa hatuna mtoto wa kulea. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nikamwita yaya, naye akaniita mdogo, na mambo ya nyumba yakaenda.

Tulikuwa tunakaa Rexdale, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ina siku zake za kukubali na siku zake za kukataa. Mimi ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye alikuwa kwenye kiwanda cha kuku karibu na uwanja wa ndege, anasimama zamu nzima mbele ya mkanda unaopitisha kuku waliokatwakatwa. Kiingereza chake karibu chote alikiokota pale: leg, wing, breast, faster, break. Alikuwa akisema kwa maneno hayo mtu anaweza kuishi Canada na akazikwa vizuri.

Sote wawili ni trans. Tulizaliwa tukaitwa wavulana, na kwa sababu hiyo sote tulikimbia makwetu, mimi nikiwa bado kijana, yeye baada ya kusomesha wadogo zake, kuzika wazazi wake na kuzeekea kambini. Nilipompokea nilikuwa nimekwisha kuzoea homoni. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. "Mi nilichelewaka, mdogo," alikuwa akisema mbele ya kioo cha bafuni, akijivuta ngozi ya shavu. Nilikuwa namkatiza. Sipendi mtu ajihurumie asubuhi, hasa akiwa ameshikilia bafu na mimi nina basi la kuwahi.

Jumamosi wenzetu wawili watatu walikuwa wanakuja, wote wanawake wa namna yetu, wengine kutoka mbali, Scarborough huko. Mtu angedhani tungezungumza mapenzi. Wapi! Tulizungumza dozi. Chai ikishamiminwa tu, basi: unatumia kiasi gani, daktari wako alikuongezea, wa kwangu alinipunguzia, wa kwangu kila mara damu, damu, kama anafuga kunguni. Mmoja alikuwa na imani kwamba madaktari wote wanatubania, wanatupa kidogo kidogo ili tuchoke tuache. Mwingine alikuwa amejipunguzia nusu bila kumwambia mtu kwa kuogopa ini lake, ini ambalo halijawahi kulalamika. Niliwaambia nyie mnajiandikia dawa kama mnavyotia chumvi kwenye mboga. Waliniita askari wa hospitali.

Lakini sikuwa askari. Nilikuwa nawaelewa, na hilo ndilo lililokuwa linanikera. Hakuna aliyekaa kwenye kochi lile ambaye hakuwa na kisa. Mimi mwenyewe, nyumbani, nilikwenda hospitali na homa, daktari akanifunua, akatoka, akarudi na wenzake waje waone. Waliona, wakaenda zao. Homa niliondoka nayo kama nilivyokuja nayo. Na hata hapa, daktari wangu wa kwanza alinihoji miezi na miezi juu ya utoto wangu kabla hajaniandikia kidonge kimoja, utadhani nilikuwa naazima gari lake. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia mwamini daktari, anakutazama tu.

Yaya katika mazungumzo hayo alikuwa hasemi sana. Alikaa kwenye kigoda chake anamenya ndizi, anasikiliza. Nakumbuka mara moja alimgeukia mwenzetu mmoja, mzuri kweli, ngozi laini, nywele zake mwenyewe, akamuuliza, "Weye ulimaliza lini?" Yule akadhani anaulizwa habari ya makaratasi ya ukimbizi. Akajibu, "Mwaka juzi, nashukuru Mungu." Yaya akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye ndizi zake. Sikulitilia maanani. Sisi tulikuwa tukisemeshana Kiswahili kila siku, na mtu anayesema lugha yako humchunguzi maneno yake.

Ulipoanza mwezi wa Machi nikaona mguu wake.

Alikuwa amerudi kazini, amekaa kwenye kochi anavua soksi. Mguu mmoja ulikuwa wa kawaida. Wa pili, kutoka chini ya goti, ulikuwa umejaa, ngozi inang'aa, na alama ya mpira wa soksi imezama kama kamba kwenye unga uliokandwa. Nikaushika. Ulikuwa wa moto.

"Ni kusimama," akasema. "Pale kiwandani batu wote miguu inavimba."

"Mguu mmoja ndio unaosimama?"

Akaufunika kwa kitenge.

Mimi si daktari, lakini kila anayetumia dawa zetu ameambiwa habari ya damu kuganda kwenye mshipa: mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, usingoje. Bonge la damu likitoka mguuni likapanda kwenye mapafu, habari yako imekwisha. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kupamba. Nilitaka twende hospitali jioni ile ile. Akakataa katakata. Kesho yake alikuwa na miadi na daktari wake wa homoni, akasema atakwenda huko, na kwamba hata huko habari ya mguu haitatajwa.

"Munganga akijua atakata dawa," akasema.

Kwao munganga ni daktari wa kawaida, mwenye koti jeupe. Kwetu mganga wanayemfikiria watu wengi kwanza ni yule wa hirizi. Siku nyingine ningemtania. Siku hiyo nilimwambia mficha uchi hazai.

Akanitazama. "Na mwenye kuuonyesha kama mimi, atazaa?"

Tukacheka, hatukuweza kujizuia. Kisha akawa hacheki tena. Akasema kama nataka kufuatana naye nimtafsirie, twende, kwa sababu mara ya kwanza mimi nilikuwa kazini na walimtafsiria kwa simu, sauti ya mwanamume asiyemjua, akaona aibu kusema. Lakini nitasema yale anayoyasema yeye tu. Nisiongeze langu. Nikakubali. Nilijua nisipokubali atakwenda peke yake, au hatakwenda kabisa, na mguu ule ulikuwa unanitisha. Sikulala vizuri.

Asubuhi tulipanda basi la Kipling, tukaingia treni, yaya amevaa wigi lake la kanisani na lipstiki. Alikuwa anatembea kwa kuuburuta ule mguu kidogo na kujifanya haburuti. Mimi njia nzima nilikuwa na hasira. Hasira yangu nikiogopa ndivyo inavyokuja, watu wananijua.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa sura, mwenye viatu vya michezo, amechoka kama watu wote wa mji huu. Akamuuliza yaya hali yake. Yaya akajibu, nami nikatafsiri. Na hapo ndipo nilipogundua kitu. Kiswahili hakijui mwanamke wala mwanamume kwenye anasema. Anasema ni anasema tu. Lakini Kiingereza kinakulazimisha uchague, kwa hiyo kila alipomaliza sentensi mimi nilianza ya kwangu na "she says". Mara ya kwanza yaya, ambaye hilo "she" alikuwa amelijua kwetu Jumamosi, alinitupia jicho. Mara ya pili akatabasamu kidogo. Kisha nikaona majibu yake yanaanza kurefuka. Anaulizwa usingizi, anaeleza usingizi, anaeleza godoro, anaeleza jirani wa juu na viatu vyake, ananyamaza, ananiangalia, anangoja lile neno. Nikampa. Nikalitamka vizuri, na kwa sauti. Ningempa lile neno siku nzima.

Daktari akauliza anatumia dozi gani.

Nikageuka nikasema, "Anauliza unatumia dozi gani."

"Dozi?" yaya akasema. "Dozi nilishamaliza."

Nilifungua mdomo kutafsiri nikaufunga. Alikuwa amepewa chupa ya miezi mitatu. Mwezi wa pili ulikuwa bado haujakatika.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, taratibu, umemaliza vipi. Na yeye, kwa sababu ni mimi niliyeuliza, mdogo wake, akanieleza kama anavyonieleza mambo ya sokoni. Ile sauti ya kwenye simu ilimwambia ahakikishe anamaliza dozi. Basi akamaliza. Mwanzoni alikunywa kama ilivyoandikwa, akaona chupa haishuki. Akaongeza. Baadaye akawa anakunywa asubuhi, anakunywa wakati wa mapumziko kazini, anakunywa akirudi. "Juu ya nilichelewa," akasema. "Wenzangu walimalizaka zamani."

Hapo ndipo niliposikia ulimaliza lini, ile ya siku ya ndizi.

Kila aliyekulia kwetu anajua dozi ni nini. Ni vidonge vya malaria kwenye bahasha ndogo ya kaki, vinne sasa, vinne kesho, na nesi anayekunyooshea kidole: maliza dozi, usiache ukijisikia nafuu. Dozi ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho wake ni kupona. Yule bwana wa kwenye simu, Mungu amsamehe, alisema tu linalosemwa na kila mfamasia kutoka Kigoma mpaka Mombasa, mdomo ulijisemea wenyewe. Daktari hakusema hivyo. Katika dawa hizi hakuna cha kumaliza.

Sisi Jumamosi zote zile tulikuwa tunadhani ugonjwa wetu ni kutowaamini madaktari. Kumbe katikati yetu alikuwa amekaa mmoja aliyemwamini daktari kuliko sisi sote, akamtii mpaka akapitiliza.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. Wigi likasogea. "Nimemaliza dozi na bado sijakuwa. Angalia uso huu. Munganga atasema dawa imenikataa. Atasema mi si wa kweli."

Niliumia. Sina neno lingine zuri zaidi la kuliweka hapa, niliumia, na nikataka kumkumbatia na nikataka kumzaba kibao kwa pamoja. Daktari alikuwa amengoja muda wote, na ninampa haki yake: alikuwa anamtazama yaya, si mimi. Nikamtafsiria yote. Vidonge, sauti ya simu, kuchelewa, kukataliwa na dawa. Haya yalikuwa maneno ya yaya mwenyewe, sikuongeza langu, ahadi ilikuwa bado nzima.

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza kama ana maumivu popote, kifuani, miguuni.

Nikatafsiri. Yaya akasema, "Hapana. Niko muzima."

Na mimi nikasema kwa Kiingereza, bila kugeuka, kwamba mguu wake wa kushoto umevimba na ni wa moto.

Nilikuwa nimesahau kiwanda cha kuku. Katika maneno yake machache ya Kiingereza, leg lilikuwa la kwanza. Alilisikia likitoka mdomoni mwangu, akanigeukia, na uso ule sijawahi kuuona tena na sitaki kuuona. Hakupaza sauti. Akasema, "Mdogo. Nilikuambia."

"Uliniambia," nikasema.

Daktari alikuwa amekwisha kuinuka.

Siku ile ile walimpeleka akapigwa picha ya mshipa kwa ile mashine ya baridi wanayopakia jeli. Damu ilikuwa imeganda chini ya goti. Bado ilikuwa hapo hapo, haijasafiri. Wakampa dawa ya kuzuia damu isigande, na vidonge vingine vya homoni wakakataa kumwandikia, kama alivyoogopa. Daktari akatueleza kwamba ni kwa muda, kwamba kuna njia nyingine za kumpa ambazo kwa mtu kama yeye hatari yake ni ndogo, wataangalia damu kwanza. Nilitafsiri kila neno mara mbili. Yaya alikuwa anatazama ukuta.

Nyumbani hakuniadhibu kwa kelele. Ningependa kelele, kelele naziweza. Alininyima lugha. Asubuhi, "Bonjour." Jioni, "Bonsoir." Alipika sombe yake, kisamvu cha kwao, katika sufuria yake, akala, akaosha, akafunga mlango. Jumamosi wenzetu walipokuja alikaa chumbani, nao wakaniuliza kuna nini. Nikawaeleza. Nilidhani watanitetea. Mmoja akasema nilifanya vyema, hakuna kusubiri maji yafike shingoni. Mwingine akasema mtu akikukabidhi mdomo wake huna ruhusa ya kuufungua utakavyo, na kama leo nimesema mguu, kesho nitasema nini. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia yule wa pili kwamba angekuwa yeye mwenye mguu ningesema vilevile, anichukie akiwa hai. Sijabadili maneno hayo mpaka leo. Lakini walipoondoka nilikaa jikoni na kile kigoda kitupu, nikalia kidogo.

Mguu ulirudi kuwa mguu. Niliuona ukipita koridoni, kila wiki umepungua, na sikuthubutu kuuliza. Theluji ikaisha, watoto wakaanza kuendesha baiskeli kwenye maegesho ya magari. Jioni moja ya kawaida nilirudi nikakuta sombe kwenye sahani mbili.

"Keshokutwa munganga ananiita," akasema. "Weye utakuya."

"Nitakuja kusema nini?"

Akavuta kiti. "Ile sauti ya simu ilikaribia kunimaliza. Weye unasemaka mingi, lakini unasemaka kweli." Kisha akaongeza, kwa hasira kidogo, kwamba chumvi nitie mwenyewe.

Chumba kilikuwa kilekile, viatu vilevile vya michezo. Daktari akasema damu imekaa vizuri, mshipa umefunguka, na sasa wataanza upya, polepole, kwa kiraka badala ya kidonge. Akamwonyesha: kijikaratasi chembamba kinachopenyesha mwanga, unakibandika tumboni, unakibadilisha mara mbili kwa wiki. Niliposema kiraka yaya alikunja pua, akasema hajawahi kuvaa viraka hata kambini. Nikamtafsiria daktari, akacheka, na yaya akafurahi kwamba amemchekesha munganga.

Safari hii neno dozi sikulitumia. Nilisema kiasi. Nilisema kiasi cha kila siku. Nilizunguka lile neno kama mtu anavyozunguka mbwa aliyelala. Yeye ndiye aliyelitaja.

"Muulize," akasema. "Hii dozi ya viraka inaishaka lini?"

Nikauliza. Daktari akafikiri kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba haiishi. Ni ya kila siku, kwa muda wote atakaoitaka mwenyewe, hata akiwa bibi kizee. Hakuna siku ya kumaliza, na mwili unabadilika kwa mwendo wake, miaka, kila mtu na wake. Hakuna mtu aliyemaliza.

"Anasema haiishi, yaya," nikasema. "Hakuna aliyemaliza. Hata mimi sijamaliza. Hata yule mwenye nywele."

Akanitazama kuona kama namdanganya. Akakishika kile kiraka kwa vidole viwili, vidole vilivyokakamaa kwa baridi ya kiwanda, akakielekeza dirishani.

"Kumbe sikuchelewa," akasema.

Nikamgeukia daktari nikaanza na lile neno lake, nikalitamka vizuri: she. She says she is not late.

Daktari akatupia jicho saa ya ukutani, akamtikisia kichwa yaya akitabasamu, akajibu.

"Anasemaje?" yaya akaniuliza.

Nikamgeukia.

"Anasema hapana, hujachelewa kabisa. Umefika kwa wakati."